Matembezi ya nusu siku Nicosia: nililipia kuona ukuta, nikakalishwa na watu

Nianze na bei kabisa maana najua ndo kitu mtu anataka kujua kwanza. Euro 35 kwa kichwa, tangazo linasema masaa manne na nusu ila sisi tulienda mpaka sita, kahawa mbili zimo kwenye bei, chakula hakimo. Nimewapa nyota nne kwa tano. Hiyo moja iliyobaki nitaieleza huko mbele, na naomba usome mpaka ufike hapo maana ndo iliyonifanya nikae chini kuandika.

Nicosia ni mji mkuu wa Kupro, kile kisiwa ambacho kwenye Matendo ya Mitume tunakijua kama Kipro, alikotoka Barnaba. Wagiriki wa pale mji wao wanauita Lefkosia, Waturuki wa pale wanauita Lefkoşa, yani majina ni kama pacha, lakini katikati yake kuna waya, mapipa yaliyojazwa mchanga, nyumba zilizoota miti ndani na wanajeshi wa Umoja wa Mataifa ambao wako kisiwani tangu Machi 1964. Kusini ni Jamhuri ya Kupro, imeingia Umoja wa Ulaya 2004, wanatumia euro. Kaskazini walijitangazia nchi yao mwaka 1983 na mpaka leo anayeitambua ni Uturuki peke yake, hela yao ni lira. Hapo kati kuna ukanda unaokatiza kisiwa kizima, kama kilomita 180 hivi, kuna sehemu una upana wa kilomita kadhaa ila ukifika ndani ya mji wa zamani unabana mpaka unabaki mita chache tu, mtu akikohoa huku wa kule anamsikia.

Mi nilikuwa na siku nne, naishi Ujerumani kikazi na kibali changu kiliniruhusu kuingia Kupro, nikashukia Larnaca nikapanda basi mpaka Nicosia. Nilipokuwa natafuta cha kufanya nikaona matangazo mengi ya "njoo uone mji uliogawanyika", wengi wanakutembeza kwa saa moja na nusu, wanakuonyesha waya, unapiga picha, kwaheri. Hawa niliowachagua waliandika kwamba watakutembeza na waongozaji wawili, mmoja wa kusini mmoja wa kaskazini, na kwamba nusu ya muda utautumia umekaa unaongea. Nikasema hapa ndo pangu, maana ukuta hata kwenye simu nauona.

Tulikutana asubuhi saa mbili na nusu uwanja wa Eleftheria, tulikuwa watu kumi na mmoja, hilo nalo niliseme mapema, ni wengi mno kwa matembezi ya namna hii, sita wangetosha. Muongozaji wa kwanza ni mzee, mwalimu mstaafu, Mkupro wa Kigiriki, anaongea taratibu na hana kipaza sauti kwahiyo wewe ukibaki nyuma umekosa. Alianza na kile kisa cha Mstari wa Kijani, kwamba mwisho wa Desemba 1963 watu walishaanza kuuana mjini, jenerali mmoja wa Kiingereza anaitwa Peter Young akachukua ramani akachora mstari kwa kalamu ya kijani ili kuwatenganisha, na huo mchoro wa dharura ndo tunaoukanyaga leo. Kisa hiki kipo kwenye kila kitabu cha wageni. Ila yeye alipomaliza akakaa kwenye benchi akatuambia, haya niulizeni mimi natoka wapi. Dada mmoja akamuuliza. Akajibu, natoka Kyrenia.

Kyrenia iko kaskazini, pwani, ni mwendo wa nusu saa kwa gari. Yeye aliondoka kijiji chake cha huko akiwa na miaka 11, Julai 1974, jeshi la Uturuki lilipoingia, na tangu hapo maisha yake yote ni Nicosia kusini, kasoma hapo kaoa hapo kafundisha hapo. Akasema binti yake kazaliwa Nicosia, hajawahi kulala Kyrenia hata usiku mmoja, lakini akiulizwa shuleni unatoka wapi alikuwa anajibu Kyrenia. Afu akatueleza kitu ambacho mi sikuwahi kukisoma mahali. Kwa miaka mingi ile hadhi ya kuwa mkimbizi wa ndani ilikuwa inarithiwa kwa baba tu. Kwahiyo binti yake alihesabika mkimbizi, ila watoto wa dada yake, ambao mama yao alikimbia siku ileile kwenye gari lileile, walikuwa hawahesabiki kwa sababu baba yao ni mtu wa kusini. "Tunakaa meza moja Jumapili," anasema, "nusu ya watoto wana kijiji na nusu hawana." Hapo watu wote wakanyamaza, hata yule jamaa aliyekuwa anapiga picha kila sekunde.

Nikamuuliza mzee, ulishawahi kurudi kuona nyumba? Akasema mara moja tu, 2003. Tarehe 23 Aprili 2003 ndo walifungua kuvuka kwa mara ya kwanza, baada ya karibu miaka 29, watu wakapanga foleni usiku na mchana, na yeye akaenda na mama yake. Wakakuta familia ndani, wakakaribishwa kahawa, mama yake akakaa sebuleni kwake kama mgeni akasema asante. Hakurudi tena. Na siyo kwa sababu walimpokea vibaya, walimpokea vizuri sana, shida yake ni kile kidirisha ambapo lazima utoe kitambulisho ili uvuke. Anasema mi nikitoa kitambulisho pale ni kama nakubali kwamba nyumbani kwetu ni nchi ya mtu mwingine. Wapo wengi wenye msimamo huo kusini na wapo wengi wanaovuka kila wiki kujaza mafuta ya gari kwa bei nafuu, na hao wawili wanaweza kuwa ndugu tumbo moja.

Kwahiyo tulipofika kituo cha mtaa wa Ledra, yeye akaishia pale. Huo mtaa ni wa maduka, watu wanakula aiskrimu, watoto wanakimbia, afu ghafla kuna vibanda viwili vya paspoti katikati ya barabara. Ulifunguliwa Aprili 2008. Akatupungia mkono akasema tutaonana mchana, mi nazungukia upande wangu. Nilidhani ni utaratibu wa kampuni tu kumbe ni moyo wake.

Kuvuka kwenyewe hakuna maajabu, polisi wa kusini anaangalia, unatembea hatua kadhaa kati ya kuta zenye maua ya kwenye vyungu, afu polisi wa kaskazini anaangalia tena. Paspoti yangu ya Tanzania aliigeuza geuza akanitazama akanirudishia. Dakika kumi jumla. Wenzangu wenye paspoti za Ulaya walitumia dakika mbili.

Ng'ambo tukapokelewa na dada, Mkupro wa Kituruki, kwa kumtazama ana kama miaka thelathini na nane hivi, mchangamfu, anaongea haraka mpaka unamwambia pole pole. Huyu naye alianza na swali la kutoka wapi ila yeye alitoa vitambulisho viwili mkobani. Kimoja cha kaskazini. Kingine ni paspoti ya Jamhuri ya Kupro, ile ya kusini, ya Umoja wa Ulaya, maana bibi na babu yake walikuwa raia kabla ya yote haya. Anasema kwa hii paspoti naweza kwenda kuishi Ujerumani kesho, naweza kupiga kura ya bunge la Ulaya, na kweli mwaka 2019 Mkupro wa Kituruki alichaguliwa kuingia bunge hilo kwa mara ya kwanza, lakini rais wa nchi iliyonipa paspoti siwezi kumpigia kura. Na nchi ninayoipigia kura haina paspoti ya kunifikisha popote isipokuwa Uturuki na sehemu chache. Alivyokuwa anasema alikuwa hacheki wala halalamiki, kama mtu anayekusomea dozi ya dawa.

Yeye ndo alitusimamisha juu ya mfuniko wa chemba, katikati ya njia, akasema hapa ndo mahali pa muhimu kuliko yote leo. Watu wakadhani utani. Kumbe miaka ya sabini mwishoni, vita bado vibichi kabisa, mameya wawili wa mji, Lellos Demetriades wa kusini na Mustafa Akıncı wa kaskazini, walikaa wakakubaliana kwamba maji machafu hayajui mpaka. Mji ulishaanza kunuka, mabomba ya pande zote yalikuwa yanategemeana na hakuna serikali iliyokuwa tayari kuongea na mwenzake. Basi wakaunganisha mfumo, na mpaka leo maji machafu ya kusini na ya kaskazini yanakwenda kutibiwa sehemu moja, Mia Milia, kwa Kituruki Haspolat, ambako ni kaskazini. Akıncı baadaye akaja kuwa kiongozi wa Wakupro wa Kituruki kuanzia 2015 mpaka 2020. Nimekaa Ulaya miaka nimeonyeshwa makanisa na minara ya kila aina, sijawahi kuonyeshwa chemba nikaguswa namna ile.

Kutoka hapo tukaingia Büyük Han, lile jengo la wasafiri la enzi za Waosmani, la mwaka 1572, mawe, uani kuna kimsikiti kidogo juu ya nguzo, ghorofani ni vyumba vidogo vidogo vya mafundi. Hapa ratiba inasema saa nzima ya kukaa na "mwenyeji", na mwenyeji wetu alikuwa mama mmoja anayefuma na kuuza vitambaa. Wakuu, kama mnakwenda kwa ajili ya kitu kimoja, nendeni kwa ajili ya huyu mama.

Vile vitambaa vinaitwa kazi ya Lefkara. Lefkara ni kijiji, kiko kusini. Zamani kilikuwa cha mchanganyiko, Wakristo na Waislamu, na wanawake wote walikuwa wanafuma mtindo uleule, wanakaa nje ya milango kwenye vichochoro wanafuma huku wanaongea. Mama amezaliwa pale. Mwaka 1975, Waturuki wa kusini walipohamishiwa kaskazini na baadhi ya Wagiriki waliokuwa wamebaki kaskazini kwenda kusini, yeye alikuwa binti mdogo, akaja na mama yake na sindano. Sasa ni kama miaka hamsini anafuma kaskazini kitu chenye jina la kijiji cha kusini. Mwaka 2009 UNESCO ikaiingiza kazi ya Lefkara kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika, na aliyeipeleka ni Jamhuri ya Kupro. Mama anasema siku ile alifurahi kweli, akapika, akaita majirani, afu jioni akakaa akajiuliza, hivi mimi nimo kwenye huo urithi au simo?

Kuna mteja aliwahi kuingia dukani kwake akamwambia hizi ni kazi za Kigiriki, mnauzaje nyie. Nikamuuliza ulimjibu nini mama. Akasema nilimpa kiti, nikamfumia ua moja mbele ya macho yake, lilichukua dakika arobaini, akaondoka na vitambaa viwili. Alishavuka mara nyingi kwenda Lefkara tangu 2003, huko ana shoga yake wa Kigiriki waliofundishwa sindano pamoja, huwa wanapelekeana uzi. Kituo cha Ledra kilipofungwa kwa ajili ya korona, kuanzia mwisho wa Februari 2020 mpaka Juni 2021, anasema miezi kumi na tano duka lilikuwa kama kaburi, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba ile milango ilifungwa kirahisi. "Tulidhani tumezoea kufunguliwa," alisema, dada akatutafsiria, "kumbe waliofungua hawakusahau ufunguo ulipo."

Sasa hapo kwa mama ndo kikatokea kile kitu. Kijana aliyetuletea kahawa, wa kama miaka ishirini na kitu, Kiingereza chake kizuri, akaniuliza natoka wapi nikamwambia, nikamuuliza na wewe? Akacheka akasema inategemea nani anauliza. Wazazi wake wamekuja kutoka Uturuki, yeye kazaliwa hapohapo Nicosia, Uturuki kaenda mara tatu kwa likizo, huko wanamwita Mkupro. Hapa akifungua mdomo wanasikia lafudhi ya nyumbani kwao, akisema "napan" kusalimia kama Wakupro wa Kituruki wanavyosalimia wapo wanaomwambia we siyo wa hapa. Na kusini hawezi kuvuka, maana kwa Jamhuri wazazi wake ni walowezi walioletwa kinyume cha sheria. Anafanya kazi mwendo wa dakika tatu kutoka kituo cha Ledra, kila siku anaona watalii kama mimi wanaingia na kutoka, yeye hajawahi kukanyaga ng'ambo.

Nilimuuliza dada mbele yake, huyu mbona hayumo kwenye matembezi yenu? Dada akawa na haraka ghafla, akasema hilo ni suala gumu, muda unakwenda, twendeni. Sikumlaumu sana, najua kwa Wakupro wa Kituruki wengi watu waliohamia kutoka Uturuki ni kidonda, wanaona kisiwa chao kinabadilika na wao wanakuwa wachache kwenye nyumba yao wenyewe. Lakini kijana alibeba vikombe akaondoka, na sisi tulikuwa tumelipia kuongea na watu wa kawaida, na yeye ndo mtu wa kawaida kabisa niliyekutana naye siku ile.

Sehemu zingine nazipitisha haraka. Selimiye, msikiti ambao ulikuwa kanisa kuu la Mtakatifu Sofia, ni jengo zuri ila tulisimama juani muda mrefu mno kusikiliza mambo ya usanifu. Soko la ndani la Bandabuliya tulipita tu. Ukienda mchana utaona mlimani kwa mbali ile bendera kubwa ya kaskazini iliyochorwa ubavuni mwa mlima, inaonekana mji mzima, usiku inawaka taa, na mzee asubuhi alishatuambia kwamba yeye dirisha la chumbani kwake linaangalia huko ndo maana pazia lake ni zito.

Ila mtaa wa Arabahmet lazima niuseme. Ni mtaa wenye nyumba za zamani zilizokarabatiwa, vibaraza vya mbao, kimya, na hapo ndo walipokuwa wanaishi Waarmenia wengi wa Nicosia mpaka machafuko ya 1963 na 1964 yalipowatoa. Kanisa lao bado lipo, limetengenezwa. Dada akatueleza kwamba katiba ya uhuru ya 1960 iliandikwa kwa jamii mbili tu, ya Kigiriki na ya Kituruki, basi. Waarmenia, na Wakatoliki wa Kimaroni na wa Kilatini, wakaambiwa wachague mtakuwa upande upi, wakachagua wa Kigiriki. Yani watu wamekaa kisiwani karne na karne, wana lugha yao na kanisa lao, wanapewa karatasi yenye vyumba viwili. Nilipomsikia akisema hivo nikamkumbuka yule kijana wa kahawa, nikashangaa dada anaweza kuliona hili la 1960 vizuri namna ile na la nusu saa iliyopita likampita.

Tukatoka kwa kituo cha Ledra Palace, tukaingia kwenye ukanda wenyewe. Kuna ile hoteli ya zamani yenye matundu ya risasi, ilikuwa ya kifahari kweli, wanajeshi wa UN wakaja kuishi humo miaka mingi. Mbele yake kuna jengo la Home for Cooperation, lilifunguliwa 2011, lina mgahawa chini, na mtu wa kusini anaweza kufika bila kuonyesha kitu kwa polisi wa kaskazini. Mzee alikuwa ameshafika anatusubiri. Hapa ndo kahawa ya pili, na ndo saa iliyonifanya nisijutie hela.

Walikaa mzee na dada meza moja, sisi tumewazunguka, na mzee akaanza na 1974. Mapinduzi ya tarehe 15 Julai yaliyosukumwa na wanajeshi waliokuwa wanatawala Ugiriki, afu tarehe 20 Uturuki ikaingia. Dada akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, kwetu ilikuwa imeshaanza miaka kumi na moja kabla. Familia ya bibi yake ilitoka kijijini Krismasi ile ya 1963, wakakaa kwenye mahema na kwenye vitongoji walivyojifungia, miaka. Mzee akasema lakini siyo jambo moja hilo. Dada akasema sikusema ni moja. Na mimi nikaona kitu ambacho hakuna ubao wa makumbusho ungeniambia, kwamba kila mmoja anaanza kuhesabu kuanzia siku nyumba yake ilipoguswa. Mzee anaita kilichotokea uvamizi, kwenye vitabu vya shule vya dada kiliitwa operesheni ya amani, dada mwenyewe hatumii neno lolote kati ya hayo, anasema tu "sabini na nne" kama mtu anayetaja namba ya nyumba.

Wakaja kwenye kura ya maoni ya Aprili 2004, ule mpango wa Kofi Annan wa kuunganisha kisiwa. Wakupro wa Kigiriki asilimia 76 walisema hapana, wa Kituruki asilimia 65 walisema ndiyo. Mzee alipiga hapana na hakuficha, akasema karatasi ile ilikuwa inaacha askari na hainirudishii nyumba. Dada ilikuwa kura yake ya kwanza, alipiga ndiyo, usiku ule alilia na rafiki zake barabarani, na wiki moja baadaye kusini wakaingia Umoja wa Ulaya peke yao. Akamwambia mzee, wewe ulikuwa unafikiria nyumba, mi nilikuwa nafikiria maisha. Mzee akakaa kimya muda mrefu. Afu akasema, mjomba wangu walinirudishia akiwa kwenye kisanduku kidogo hivi, akaonyesha kwa mikono. Kuna kamati ya pamoja ya watu waliopotea, wataalamu wa pande zote mbili wanachimba na kutambua mifupa pamoja, kwenye orodha yao kulikuwa na watu 2,002, yani 1,510 wa Kigiriki na 492 wa Kituruki, na zaidi ya elfu moja wameshatambuliwa. Aliyempigia simu kumwambia mjomba kapatikana alikuwa binti wa Kituruki, na mzee anakumbuka sauti yake.

Hawakukubaliana. Naandika hivi maana kuna rafiki aliniuliza mwisho wakapatana? Hapana. Mtalii mmoja aliwaomba wakumbatiane apige picha, mzee akasema hapana kwa adabu kabisa, na mi nilimheshimu kwa hilo. Dada alimwagizia kahawa ya pili, anajua anakunywa ya sukari ya wastani, akasema "metrio" kwa Kigiriki kwa mhudumu. Kumbuka kahawa ni ileile, sufuria ileile, machicha yaleyale chini ya kikombe, kusini unaambiwa ni kahawa ya Kikupro, kaskazini ni ya Kituruki, na sisi watu wa pwani tungekaa nayo barazani bila kuuliza kabila lake.

Sasa nyota niliyokata. Kesho yake nilivuka tena mwenyewe, nikawa natembea karibu na lango la Kyrenia, nikasikia Kiswahili. Kiswahili kabisa, cha Bukavu. Nikageuka nikamsalimia kijana, akashtuka mpaka simu ikataka kumdondoka. Anasoma uhandisi wa ujenzi chuo kimoja cha kaskazini, mwaka wa tatu. Wakala kule kwao alimwambia unakwenda Ulaya, familia ikauza kiwanja, akapita Istanbul akashukia uwanja wa Ercan, na huo uwanja kwa Jamhuri siyo mlango halali. Kwahiyo yeye yupo Nicosia lakini nusu ya Nicosia hana. "Miye niko hapa miaka tatu, dada," ananiambia, "hiyo ngambo ninaionaka tu juu ya ukuta." Ada analipa kwa euro, kibarua analipwa kwa lira, na lira inashuka kila akilala. Wapo Waafrika wengi kama yeye pale, wanafunzi, ukikaa mitaa ile jioni utawaona. Akanikumbusha wale Wakameruni watatu waliojaribu kuvuka mwaka 2021 wakakwama humohumo ukandani, kusini hawawapokei, kaskazini wanaogopa kurudi, wakalala kwenye mahema miezi.

Mimi na paspoti yangu ya Tanzania na kile kikadi cha Ujerumani nilivuka mara nne ndani ya siku mbili. Huyu mtoto wa watu ana miaka mitatu hapo, hajavuka hata mara moja.

Akaniomba kitu kimoja, nikirudi nitembee mtaa wa Ledra na simu ikiwa inarekodi, kuanzia kibanda mpaka mwisho, aone kuna nini. Nikafanya. Ni dakika kumi za kutembea pole pole, maduka ya viatu, aiskrimu, mpiga gitaa. Akanijibu usiku, "ni mwendo mfupi sana."

Niliwaandikia wenye matembezi nikawaambia huduma yenu nzuri, nimelia humo ndani, lakini mnasema mji wa pande mbili na mi nimekutana na watu ambao hawana upande wowote kwenye hizo mbili, wekeni hata nusu saa yao. Yule wa ofisini alinijibu vizuri, akasema wameshalijadili na waongozaji hawajakubaliana. Nikirudi wakiwa wameliweka naongeza nyota mwenyewe bila kuombwa.

Kwa anayekwenda: beba paspoti yenyewe siyo kopi, na kama umeingilia Ercan usijaribu kituo chochote. Vaa viatu vya kutembelea na maji ya kutosha, Julai na Agosti lile jua halina huruma na vyoo utavipata Büyük Han tu. Ukivuka zima data, simu inahamia mitandao ya kaskazini na kifurushi chako cha Ulaya hakifanyi kazi huko, mi nilikula euro 18 kwa kutuma picha mbili. Usipige picha askari wala vibanda. Maduka mengi ya kaskazini yanapokea euro ila chenji wanarudisha lira. Na ukifika kwa yule mama wa vitambaa usiwe na haraka, mwambie kahawa "orta", yani ya sukari ya wastani, akianza ua jipya kaa mpaka alimalize.